Loki Ilikuwa Imefunguliwa

Gitega, 17 Februari 2025

Baba mdogo Nassoro,

Nisamehe nikitanguliza sauti kabla ya salamu. Ni siku nane sasa na bado ninayo: ko, mara moja tu, chini ya kiti, wala haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu amepasua mfupa wa ng'ombe ndani ya ndoo ya mafuta. Nimesikia vyuma vingi vikikatika tangu utoto wangu katika garaji la marehemu Baba, na kwa kawaida nasahau kabla sijamaliza kunawa mikono. Hii haijaondoka. Nasahihisha madaftari, naisikia. Napanga foleni ya sukari, naisikia.

Asalaam aleykum. Sisi tu wazima, kwa kadiri ya uzima wa mwaka huu. Mama anakusalimu, presha yake imeshuka, maneno yake hayajashuka. Anauliza magoti ya Mama mdogo Yasmina yanaendeleaje. Mahindi ya nyuma ya nyumba yalilazwa na mvua ya mawe na hatukuyainua. Mimi bado nafundisha uchoraji wa mitambo, wanafunzi sitini kwa rula ishirini, na jioni nikirudi nyumbani Shatanya nakuta garaji la Baba mlango mmoja wazi, mwingine umefungwa, kama mtu anayesinzia kwa jicho moja.

Simu yako haipatikani tangu Desemba. Mama mdogo anasema uliiangusha katika mafuta machafu na hutaki nyingine. Basi nimerudia desturi yako na marehemu Baba, mlivyokuwa mkiandikiana juu ya gia huku michoro ikijaa pembeni. Amissi wa basi la Muyinga ataleta hii siku atakayopata mafuta.

Ni juu ya Landkruza ya ushirika wa Bukirasazi. Unakumbuka walivyokuletea: shafti za nyuma zilikuwa zimekatika mara mbili kwenye tope, mara ya pili na mgonjwa ndani. Ukawawekea ekseli iliyotumika, iliyopitia mpakani Kobero, yenye shafti nene, na katikati yake difu, zile gia zinazogawia magurudumu nguvu, yenye loki, ili dereva akibonyeza kitufe magurudumu yote mawili ya nyuma yazunguke pamoja, tope lisipate moja la kuchezea. Watu wakasema Mzee Nassoro ameliwekea gari letu miguu ya tembo.

Jumapili tarehe tisa nilikuwa ndani ya gari hilo. Nilikuwa nimekwenda kuwatazamia mashine ya kusaga, na mdogo wangu Bahati, dereva wao, alikuwa ananirudisha mjini. Nyuma alikaa Gaudensia, mama mmoja wa ushirika, akienda kumwona mama yake hospitalini. Tulikuwa tumeshapita tope. Tulikuwa tunashuka kwenye udongo mkavu, mgumu, mwendo wa kawaida. Ndipo ko. Magurudumu ya nyuma yakakamatana hapohapo, gari likateleza, likageuka, mkia ukaingia mtaroni. Mguu wa Gaudensia ulibanwa na benchi. Umevunjika mahali pawili chini ya goti, na huu ndio msimu wa maharage.

Dominiko, mwenyekiti wa ushirika, hakupiga kelele. Alisema tu, kwa Kiswahili chake cha kukulia Tanzania: "Bahati, ndugu yangu, umesahau kuzima kile kitufe." Kila mtu anajua uliwaonya kwamba loki kwenye barabara kavu huvunja vitu. Siku ya kwanza Bahati alijibu, "Nilizima, pale juu penye msalaba." Siku ya tatu: "Nafikiri nilizima." Sasa anasema, "Labda sikuzima." Ushirika umechukua ufunguo. Leseni yake inakaa kwa polisi wa barabarani hadi ushirika uandike maelezo ya chanzo, na wote wanajua watakachoandika.

Nakuuliza jambo moja, Baba mdogo. Ulipofunga ile difu, uliisikiliza ukaridhika?

Mwanao,
Latifa


Muyinga, 14 Machi 2025

Latifa mwanangu,

Waaleykum salaam. Barua yako ilinifikia jana, Amissi alikaa nayo wiki tatu sababu esansi ya basi hakuna. Tuko kwa mfungo, Alhamdulillah. Mama mdogo wako magoti inamusumbua lakini anafunga, nikimukataza ananiambia nifunge mdomo yangu kwanza. Mvua iko mingi. Mbuzi ilizaa mapacha, moja ikakufa.

Pole na ajali, na pole kwa ule mama. Roho iliniuma.

Sasa nikuambie. Ile pon, ekseli yenu, nilifunga mi mwenyewe, na mikono hii yenye kufunga pon tangu we hujazaliwa. Angalia yale mashafti, utakuta iko nzima. Kuhusu blokaji, ile loki, nilimwambia Bahati hapa mbele ya watu: kwa tope unabonyeza, kwa barabara kavu unatoa. Kwa kona kavu na blokaji, magurudumu mbili zinapigana kama wake wenza, lazima kitu kivunjike ndani ya nyumba. Kijana alisahau. Si dhambi. Aende kwa ule mama, aombe msamaha, iishe. Mi pia nilivunja gari za watu nikiwa na miaka yake. Baba yako alinichapa na mpira wa tairi, ikaisha, tukala.

We na diplome yako ya Mwanza usijisumbue kufungua. Dominiko alinitumia salamu, nikamwambia waniletee pon yote kwa lori, nitatengeneza bure. Halafu kuna kliniki moja ya Nyarusange wanataka pon kama ile, kwa gari yao ya kubeba wamama wenye mimba. Italetwa mwezi wa sita. Unaona? Kazi iko. Sikio ya Nassoro bado inatafutwa.

Salimia mama yako, mwambie apunguze chumvi.

Ni mi,
Baba yako mdogo Nassoro


Gitega, 3 Aprili 2025

Baba mdogo,

Asalaam aleykum, na Idi njema iliyopita. Mwezi ulitukuta na mchele kidogo na shukrani za kutosha. Mama alishona gauni la kijani, akalivaa, akalivua, akasema hana mahali pa kwenda nalo. Pole kwa mbuzi.

Nilisoma barua yako mara nne. Kuna shafti, kuna mpira wa tairi, kuna chumvi. Jibu la swali langu sikuliona.

Nimeifungua difu. Najua ulisema nisijisumbue. Tulilivuta gari hadi uani kwetu na ng'ombe wawili wa Dominiko, nikaliweka juu ya magogo, nikamwaga mafuta. Yalitoka yakimeta vumbi la chuma. Shafti zako ni nzima, ulisema kweli, ungeziuza kesho. Kisha nikatazama loki. Uma unaoisukuma ulikuwa umerudi nyuma kabisa, na pete haikushika kitu. Gari halijawashwa tangu siku ile na hakuna mkono uliofika mle ndani kabla ya wangu. Loki ilikuwa imefunguliwa, Baba mdogo. Bahati alizima, pale juu penye msalaba, kama alivyosema siku ya kwanza.

Kilichovunjika ni jino la gia kubwa. Likaanguka kati ya wenzake, likawakaba. Na meno yaliyobaki yanasema kwa nini: yaling'aa kwenye ncha tu. Tangu siku ya kwanza gia ndogo na gia kubwa zilikuwa zinagusana kwa kucha, mahali ambapo zilipaswa kukumbatiana. Ungepaka rangi kwenye meno na kuizungusha, ungeliona doa limekaa ukingoni, ungeongeza shim moja, kile kibati chembamba cha kusogezea gia, basi. Baba alikuwa akipaka rangi kila mara. Wewe ukamcheka: "Rangi ni ya bibi harusi, mi nasikiliza." Na miaka yote hiyo ulikuwa sahihi. Nilikuwa mdogo, nakaa juu ya betri bovu, nakuona umeweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye ekseli na mpini wake sikioni, halafu unasema, "Rudisha kidogo, kidogo tena, wacha." Hujawahi kukosea mbele yangu.

Lakini difu iliyofungwa hivi hulia. Hulia mlio mwembamba usiokoma, na hata mpita njia anausikia.

Bahati alipotoka kukuletea gari Desemba alitusimulia hadithi. "Baba mdogo siku hizi anang'ata bisibisi," alisema. "Ncha kwenye ekseli, mpini katikati ya meno, macho amefumba. Anaonja gari kama mchuzi!" Tulicheka sana. Mama alicheka hadi akatokwa machozi. Akaongeza kwamba alikuita kwa nyuma mara tatu ukawa huitiki, akafikiri umemkasirikia kwa sababu alichelewa. Na simu ikaanguka katika mafuta, na hukutaka nyingine.

Naandika mara moja, sitarudia. Masikio yako yanasikia?

Nilimwita Bahati aje autazame ule uma. Aliinama akautazama muda mrefu. Nikamwambia, "Unaona? Ulizima." Akasema, "Dada, wewe ni dada yangu. Ungeniambia hivyo hata kama ungeukuta umeshika." Akarudi kukaa juu ya tairi lake. Hajakanyaga gari tangu Februari. Alasiri anakwenda Bukirasazi kwa miguu na jembe, anapalilia shamba la Gaudensia, anarudi, anakula vijiko vitatu. Wanawake wa kule wanamtania kwamba ameolewa.

Kwa hiyo neno langu halitoshi. Litatosha la aliyeifunga.

Tafadhali, watu wa Nyarusange usiwajibu kitu mpaka uwe umenijibu mimi.

Mwanao,
Latifa


Gitega, 24 Aprili 2025

Baba mdogo,

Asalaam aleykum. Wote tu wazima.

Amissi anasema alikupa barua yangu mkononi tarehe kumi. Anasema uliisoma umesimama, ukaikunja, ukamuuliza kuhusu bei ya saruji.

Dominiko alikuja jana. Anataka kupakia ekseli kwenye lori la mihogo, ikuendee. Nilimwambia bado naipima. Akasema, "Dada, unaipima nini wiki tatu? Chuma hakiongezeki uzito." Nikacheka ili aondoke. Alipoondoka niliona aibu, kwa sababu ni mtu mwema na nilimchekea kwa hila.

Maelezo ya ushirika kwa polisi yanatakiwa kabla ya mwisho wa Mei.

Nimechoka, Baba mdogo. Nasubiri.

Latifa


Muyinga, 9 Mei 2025

Latifa, mama,

Salaam. Sisi tuko. Mvua inamaliza. Yasmina ameacha kunisemesha tangu Jumatatu, na hiyo kwangu haina tofauti kubwa sasa.

Barua zako zote mbili ziko hapa chini ya godoro.

Unauliza masikio. Sawa. Ya kushoto ilizima kwa mwezi ya Shaban, mwaka jana. Nililala nayo, asubuhi haikuamka. Ya kuume iko na kelele kama radio yenye kutoka kwa poste, stesheni imepotea. Watu ninawasoma midomo. Kwa msikiti naangalia mgongo ya mwenye kuwa mbele yangu, akiinama nainama. Siku moja yeye aliinama kuokota tasbihi, na mi nikaenda rukuu peke yangu. Wakafikiri ni ucha Mungu. Cheka, nakupa ruhusa.

Yasmina tu anajua. Kwa garaji ninaambia watu wapige gari makelele, nasingizia nataka kuona moshi. Pon nilianza kusikiliza na meno. Kwa meno inatetemeka, na mi nikafikiri nasikia. Ile ya Bukirasazi ilitetemeka vizuri, mwanangu. Nakuapia kwa kaburi ya baba yako. Ilitetemeka kama pon yenye afya.

Rangi ningepaka. Lakini watu walikuwa wamesimama kunitazama. Nassoro wa sikio apake rangi? Wangeuliza kwa nini.

Sasa nisikilize mi wazo yangu. Sema ni chuma. Sema ile gia ya Kobero ilitumika sana kule ilikotoka, ilikuwa na ufa ndani, hakuna mekanisyen angeona. Bahati atatoka, mi nitatoka, na hata aliyeniuzia hakuna mwenye kumjua. Chuma haina mama wa kuililia. Amissi anakuletea gia mbili mpya, kubwa na ndogo, zilizaliwa pamoja. Funga we mwenyewe, najua unaweza. Kwa Dominiko sema nilikuagiza. Na ile gari ya Nyarusange nitafanya polepole, na rangi, nikiwa nimefunga mlango.

Ninaamka kila siku, ninakunywa chai, ninaenda kwa garaji. Miaka makumi mitatu na saba. Ukinitoa pale, nikimaliza chai niende wapi? Uniachie hiyo moja.

Halafu na mi niko na swali. We ulipanda ile gari Januari, Amissi aliniambia. We uko na masikio mbili na diplome. Ulisikia nini?

Baba yako mdogo


Gitega, 27 Mei 2025

Baba mdogo Nassoro,

Asalaam aleykum. Mama anakusalimu na safari hii hakuongeza maneno. Nilimsomea barua yako akaniomba niishie katikati. Kisha akaenda kukaa chumbani na lile gauni la kijani mapajani. Kuhusu tasbihi alicheka kidogo, na mimi pia, ulivyoturuhusu. Gia zimefika. Ni nzuri, zina namba moja zote mbili.

Uliniuliza nilisikia nini Januari.

Nilisikia kila kitu. Ilikuwa siku ya pili ya gari kurudi, tunapanda kutoka Ryansoro, na mlio ulikuwa humo, mwembamba, unapanda na mwendo na kushuka nao. Bahati ndiye aliyesema kwanza: "Dada, hii difu inaimba au inalia?" Nilijua jibu. Nimelifundisha darasani, liko ubaoni kwa mwandiko wangu. Nikamwambia, "Difu mpya huimba, itazoea." Kwa sababu ilikuwa kazi yako. Kwetu kazi ya Baba mdogo haifunguliwi ikatazamwa. Baba mwenyewe hakuwahi kufanya hivyo. Niliona ni heshima. Kwa wiki tano Bahati aliendesha gari lile akiamini linaimba kwa sababu mimi nilimwambia hivyo, na katika barua zangu zote kwako nimezunguka jambo hili kama mtu anayezunguka shimo la choo mbele ya nyumba yake. Nilikuuliza wewe ulisikia nini ili nisiulizwe mimi.

Wazo lako la chuma nililibeba siku kumi na mbili. Sitakudanganya kwamba nililikataa palepale. Lilikuwa wazo zuri. Nililipanga maneno yake, nikaweka na tarakimu, ugumu wa chuma, umri wa ufa. Ningesema mimi, mwalimu, na hakuna ambaye angenipinga. Wakati huohuo nilikuwa nafunga difu alasiri baada ya shule. Nilipaka rangi, nikazungusha, nikatazama, nikafungua, nikaongeza shim, nikapaka tena. Mara kumi na moja. Bahati alikuwa ananizungushia gurudumu.

"Dada, mpaka lini?"

"Mpaka doa likae katikati."

"Hii rangi imechoka kuliko mimi."

Lilikuwa neno lake la kwanza la mzaha tangu Februari, nami nikakaribia kumwambia uongo wako hapohapo, nimpe kama zawadi. Nikasema moyoni nitaanza na Gaudensia, kwa kuwa mguu ni wake.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka nje, anachambua maharage ambayo Bahati alimpalilia. Mguu umeunga vibaya kidogo. Atatembea, lakini hatapanda kilima na mzigo. Nikamwambia nadhani tumepata chanzo, kwamba kilikuwa chuma. Aliitikia kwa kichwa. Akachambua mpaka konzi ikajaa. Akasema, "Chuma. Basi afadhali, yule kijana apumzike. Nami nimtulize mdogo wangu. Yuko Nyarusange, mimba ya miezi sita. Nasikia gari la kliniki nalo linakwenda kwa mzee yuleyule wa Muyinga, litatengenezwa kama letu. Atakuwa amechunguza chuma safari hii, sivyo?"

Alikuwa anauliza kweli, hakuwa ananipima. Nilitazama vidole vyake na maharage, na yale maneno yote niliyopanga sikuyaona tena. Nilisema, "Mama Gaudensia, ngoja kwanza." Nikarudi mjini kwa miguu hadi niliposhikwa na mvua.

Ungepaka rangi huku umefunga mlango, ndivyo ulivyoniandikia. Nakuamini kwamba ungepaka. Lakini siku moja mtu angesimama mlangoni akutazame, nawe ungerudisha kopo la rangi mfukoni na kuchukua bisibisi. Nimekaa nawe utoto wangu wote, nakujua.

Ulisema chuma hakina mama wa kukililia. Wewe unaye Yasmina, una sisi, na nimelia, kama hilo linakusaidia. Ulisema ukimaliza chai uende wapi. Sijui, Baba mdogo. Njoo Gitega kama unataka. Mlango wa pili wa garaji unafunguka bado. Ekseli utaniwekea wewe, mikono yako haijapotea popote. Kusikiliza nitasikiliza mimi. Sikuandikii hivi kama bei ya lolote. Hata usipokuja, ni vilevile.

Sasa nikuambie jambo nililofanya, maana Amissi anaondoka saa nane na ningependa ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa abiria wake.

Wiki iliyopita niliiandikia kliniki ya Nyarusange. Niliwaomba gari lao lisiende Muyinga. Jana wamelileta kwetu, liko uani.

Na juzi Jumapili nilikwenda Bukirasazi. Nilisubiri watoke misa, wakae, nikamwomba Dominiko dakika chache. Nilikuwa nimebeba ile gia ya zamani katika kikapu. Niliwapitishia mkono kwa mkono, wakagusa lile pengo la jino. Bahati nilimsimamisha mbele, ingawa hakutaka. Nikasema loki ilikuwa imefunguliwa na kwamba alizima mahali alipodai amezima. Mzee mmoja nyuma akasema, "Basi nani?" Dominiko akaniwahi, akanivuta kando. "Dada Latifa, fikiri vizuri. Yule ni baba yako."

"Ni baba mdogo," nikamwambia.

"Baba ni baba. Ukisema hapa, hakuna kurudisha."

Nikamwambia najua. Nikarudi katikati. Nikaeleza jinsi gia zilivyofungwa, na kwa nini aliyezifunga hakuweza kujua, na kwamba alikuwapo mwingine aliyejua akanyamaza. Dominiko aliandika yote katika karatasi ya polisi na mimi nikatia sahihi chini. Leo asubuhi Bahati amerudishiwa leseni.

Walitaka majina. Nilitaja lako kwanza, kwa kuwa wewe ni mkubwa, kisha nikataja langu.

Mwanao,
Latifa